Chupa ya Ishirini na Nne

Bwejuu,
Jumatatu, 3 Februari 2025

Mke wangu Bi Salhiya,

Shikamoo.

Jua la Bwejuu siku hizi halichomozi mpaka mie niamke. Likichungulia likanikuta bado nimelala, hurudi zake baharini likajifunika shuka. Wiki moja tu nimefika, na majogoo wa hapa hawawiki mpaka wanitazame usoni kwanza. Nakwambia mapema ili ukisikia watu wa Malindi huko mjini wanasema mjukuu wako kawa mkubwa, usishtuke ukaanguka na magoti yako hayo.

Kazi yenyewe ni hivi. Kina mama wa mwani wana umoja wao, unaitwa Subira. Wamechanga miaka minne wakanunua paneli kumi na mbili, wamezitandika juu ya bati la bohari. Zinalisha taa za nyumba thelathini, friza la pweza, mashine ya kusaga mwani na pampu ya maji. Umeme upo, bibi, tatizo ulaji. Kila mtu anavuta wakati autakao, na ikifika isha betri zimekwisha pumzi, kijiji kizima kinatafuta viatu kwa kupapasa.

Shoga yako Bi Time, ndiye mwenyekiti, kanikalisha juu ya gunia akanambia: "Salhiya kasema weye fundi. Salhiya namjua, weye sikujui. Taa zikifika daku, na friza lisipate joto, mpaka Idi, kazi yako na chumba cha bohari chako. Ukishindwa, Silima ana nafasi nyuma ya gari lake la mwani."

Nikamjibu, "Bi Time, kwa heshima zote, Silima akajaze ndizi hiyo nafasi."

Maana nikishindwa narudi bandarini kubeba magunia, na mgongo huu si wa magunia, ni wa kuvalia kanzu ya Idi. Basi nshachora ratiba ukutani kwa chaki. Jumatatu na Jumatano mashine, Jumanne pampu, Alhamisi friza, Ijumaa pasi. Saa tano mpaka saa nane, jua likiwa kali. Imenyooka utadhani nimemaliza chuo. Chuo chenyewe unajua niliacha muhula wa pili kwa kumwonea huruma mwalimu, maskini alikuwa anatoka jasho nikiuliza swali.

Simu najua hamuelewani, wewe unasikia "nimekula" unajibu "nani kafa?" Kwa hiyo posta yetu ni Silima. Kila wiki anapeleka marobota ya mwani bandarini, atapita mlangoni kwako.

Mumeo,
Haitham
Mkurugenzi wa Jua, Kusini Unguja


Malindi,
8 Februari 2025

Mume wangu Haitham,

Marahaba. Barua yako nimeisoma na nikamsomea jirani, akauliza kama huyo Mkurugenzi ndiye yule aliyewasha feni ya msikiti zikazimika taa na spika pamoja. Nikasema ndiye huyohuyo, ila kakua.

Sikiliza. Mimi nilimwambia Time kuwa wewe fundi. Sikumwambia umesoma wapi wala umeishia wapi, naye hakuniuliza, kwa sababu tangu utoto wetu huko Bwejuu sijapata kumwambia neno likawa sivyo. Nimekuwekea neno langu dhamana. Ukilivunja wewe, nimelivunja mimi.

La pili. Ile chupa niliyokufungia ndani ya kipande cha kanga ya kisutu, umempa? Hukuniandikia. Ile ni Zamzam. Mimi na Time tuliwekeana ahadi ya kwenda Hija pamoja, tangu hatujaolewa. Mwaka juzi, nafasi ilipopatikana, mama yake akashikwa na maradhi, akabaki kumuuguza, nikaenda peke yangu. Kila nilipokunywa kule nilimkumbuka. Nikamletea chupa moja, nikasema nitampa kwa mkono wangu, na magoti yakakataa safari. Sasa mkono wangu ni wewe. Mpe mkononi, usimwekee mahali.

Unakula? Time alikuwa hawezi kupika samaki bila kumuunguza. Na usiniolee mke mwenza huko.

Mkeo,
Salhiya


Bwejuu,
15 Februari 2025

Mke wangu,

Shikamoo. Mke mwenza hakuna, hapa hata wa kunisikiliza hakuna!

Jumatano saa sita, jua limesimama utosini, mashine nimeipaka grisi, nasubiri. Bohari tupu. Hata paka hayupo. Kina mama wote wako baharini kwenye mwani wao, maji yametoka mpaka huko mbali yanaonekana kama uzi. Wanarudi saa nane, wanaoga, wanakula, wanaswali, saa kumi na nusu ndio wananijia na magunia kichwani: "Fundi, washa tusage." Nisage na jua lipi? Wanasaga kwa betri, na isha haijaadhiniwa taa zimekufa.

Nikamwendea Bi Time. "Bi Time, leo ilikuwa Jumatano, siku ya mashine."

Akanitazama kama niliyemwomba uchumba. "Jumatano ndo nani?"

Ijumaa ikawa balaa zaidi. Nilisahau kwamba kijiji hiki kina kanzu. Saa tano na nusu nyumba zote thelathini zikachomeka pasi kwa mara moja, ikasikika pa! na kila kitu kimya. Sheikh Shamsi, ndiye muadhini, kaadhini kwa sauti ya mdomo na kanzu yake upande mmoja imenyooka, upande mmoja kama jani la mgomba lililochakurwa na kuku. Baada ya swala akanambia, "Mwanangu, Mungu haangalii makunyanzi, lakini watu wanaangalia." Jamaa wakacheka mpaka wakakosa adabu.

Nimefuta ratiba kwa kiganja. Usimwambie jirani.

Amana yako nshampa Bi Time. Kashukuru sana, kakuombea dua ndefu, nikasimama mpaka miguu ikafa ganzi.

Mumeo asiyeeleweka,
Haitham


Malindi,
18 Februari 2025

Mume wangu,

Marahaba. Nimecheka, kisha nimekuonea huruma, kisha nimecheka tena.

Hao hawana Jumatano, mwanangu. Mtu wa mwani kalenda yake iko juu. Mwezi ukiwa mchanga au umekamilika ni bamvua, maji yanatoka mbali, na yanatoka asubuhi hadi adhuhuri. Siku hizo huwapati nchi kavu kwa dawa. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayatoki vya kutosha, mwani haufikiki, wako nyumbani kutwa. Wewe umewapangia jua na wao wanafuata mwezi. Waoze hao wawili, uone.

Kwa hiyo chukua kalenda ya msikitini, si ya benki. Siku za maji mafu, mchana ipe mashine. Siku za bamvua mchana hakuna wa kusaga, jua hilo litafutie kazi nyingine, usiliache likapotea. Kazi gani, wewe ndiye Mkurugenzi.

Nimefurahi kuwa Time kaipata. Alisema nini hasa? Alilia? Yeye akifurahi hulia upande wa jicho la kushoto tu, tangu mdogo.

Mkeo,
Salhiya


Bwejuu,
4 Machi 2025, Ramadhani 3

Mke wangu, taji langu,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Kaa chini kwanza. Umekaa? Taa jana zimefika daku! Zimevuka daku! Alfajiri imeingia zinawaka, Sheikh Shamsi kaja mwenyewe kuzima ya msikitini huku anaitazama kama mgeni aliyekataa kuondoka.

Nimewaoza jua na mwezi, na mahari nimetoa mie. Kila mwezi ukiwa nusu, mchana ni wa mashine. Kila bamvua, mchana ni wa friza. Tena sikia ujanja huu, niliuokota kwa wauza samaki wa Malindi, chuoni hawaufundishi: chupa za plastiki, maji, na konzi ya chumvi. Maji ya chumvi yanaganda kwa taabu, lakini yakiganda yana baridi ya kumtia adabu pweza. Nikatafuta chupa kila pembe, ziwe ishirini na nne, mstari mmoja mmoja mpaka friza lienee. Zikakosekana moja moja, nikapekua bohari lote mpaka zikatimia. Siku za bamvua zinaganda kama mawe. Yakija maji mafu, friza nalipa saa moja tu asubuhi, halafu umeme wote unakwenda kwenye mashine, na barafu inamlinda pweza yenyewe. Jua la juzi limekaa ndani ya chupa, bibi. Betri nimetengeneza kwa maji na chumvi!

Na pasi zimekwisha. Kanzu zote zinaletwa bohari Alhamisi mchana, pasi moja, zinatundikwa kwenye kamba. Sheikh Shamsi alibisha, akasema kanzu ya Alhamisi inalala ikizeeka. Nikamtundikia yake peke yake kwenye msumari wa heshima. Hajasema tena.

Bi Time leo kaniita "fundi" bila kucheka.

Kuhusu kulia, jicho lake sikuliona vizuri, kulikuwa na moshi wa jikoni.

Mumeo,
Haitham
Mkurugenzi wa Jua na Mwezi


Malindi,
16 Machi 2025

Mume wangu,

Marahaba. Barua hii ya kwako jirani kaichukua kwenda kuwasomea wanawe, na bado hajanirudishia. Na mie nimetia chupa sita kwenye friji langu. Juzi umeme ulipokatika saa tano, maji yangu ya futari yalikuwa baridi, na watu wa ghorofa ya chini wakapanda ngazi kuomba. Nikawaambia ni elimu kutoka shamba. Nguo nazo napiga pasi mchana, kabla watu hawajaanza kupikia futari.

Sasa habari yangu. Nakuja. Silima kasema atanikalisha mbele, kiti anakitia mto, na tutakwenda pole pole. Jumapili ya tarehe 30 nitakuwa Bwejuu, nile Idi huko. Miaka kumi na mmoja sijaiona nyumba niliyozaliwa. Nimwone Time, nikuone wewe ukikabidhiwa chumba chako, na ile chupa tuifungue pamoja, mimi na yeye, asubuhi ya Idi. Najua hajaifungua. Namjua, atakuwa ananingoja.

Usimwambie. Nataka nimwone hilo jicho.

Mkeo mwenye magoti mapya,
Salhiya


Bwejuu,
23 Machi 2025

Bibi,

Shikamoo. Naandika upesi, Silima anapiga honi.

Mambo si mabaya. Jana, mfungo ishirini na moja, tulipata msukosuko kidogo. Lilitanda wingu, friza likapata joto, na asubuhi ya leo kilo kumi na nane za pweza zimeharibika. Tumezifukia. Kina mama walikuwa wamezihifadhi za Idi. Kamati ikakaa palepale. Nikawaambia wingu. Bi Time akatazama juu, akanitazama mie, akasema, "Wingu hilo. La Mungu halina kesi." Basi wakainuka, kila mtu akaenda zake. Ni maji mafu, walikuwa na kazi, mwani wa wiki nzima ulikuwa haujasagwa, jana peke yake magunia sita, na leo wanaendelea.

Kwa hiyo bado nimo. Idi pili wanakata shauri.

Safari yako, bibi, naona tuifikirie. Mvua zimeanza, barabara ya kuingilia huku ina mashimo, na mto wa Silima ni wa sponji ya zamani. Magoti ni amana. Bora nije mie mjini baada ya Idi nikuletee pilau.

Haitham


Malindi,
25 Machi 2025

Haitham,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza niliisoma kama bibi yako, nikasikitika kwa pweza wa watu. Ya pili niliisoma polepole, nikakuta mashine ilisaga magunia sita siku hiyohiyo ya wingu.

Mimi si fundi. Pengine kuna mawingu ya namna hiyo.

Hukuniita mke wako. Hukujipa cheo. Nimeangalia nyuma ya karatasi nikidhani umeandika huko.

Nakuja Jumapili. Kabla ya hapo Silima anapita tena Ijumaa. Ukiwa na la kuniambia, nafasi ipo.

Salhiya


Bwejuu,
Ijumaa, 28 Machi 2025, Ramadhani 27

Bibi yangu,

Shikamoo.

Nimeianza barua hii mara nne. Ya kwanza ilianza na Mkurugenzi, nikaitia motoni.

Zamzam sikumpa Bi Time. Siku niliyofika niliiweka rafuni bohari, nikasema nitampa akitulia. Ulipouliza, nikaona haya kusema bado, nikaandika nshampa, nikijua kesho yake ntampa kweli. Kesho ikaja na mambo yake. Ile dua ndefu niliitunga mie.

Kisha nikawa natafuta chupa. Nilikuambia zilikosekana moja moja. Iliyokosekana mwisho ilikuwa ya ishirini na nne. Nilipekua nikaipata rafuni, imejaa maji tayari, nikafurahi kwa kuwa sina haja ya kwenda kisimani. Nikafungua, nikamwaga kidogo, nikatia konzi ya chumvi, nikafunga. Kisutu chako nikakitumia kufutia chupa zote. Wallahi sikukumbuka, bibi. Nilikuwa naimba.

Barua yako ya kusema unakuja ndiyo iliyonipeleka rafuni. Sikukuta kitu. Nikakiona kisutu kimening'inia msumarini, kimekauka.

Basi mfungo ishirini na moja, asubuhi, nikazitoa chupa zote ishirini na nne kwenye friza, nikazipanga juani ziyeyuke, nipate kuonja. Nilisema Zamzam ina ladha yake, hata ndani ya chumvi ntaijua. Lakini nimefunga, sikuweza kuonja mchana. Ikabidi ningoje magharibi. Kutwa chupa ziko juani, friza halina barafu, na umeme wote nimeupa mashine kama ratiba yangu mwenyewe inavyosema. Ilipoadhiniwa nikafungua kinywa kwa tende moja, nikaanza. Ya kwanza chumvi. Ya pili chumvi. Ya kumi na saba nikaona kama ina utamu, nikarudia, chumvi. Nimekunywa bahari nzima, bibi, kiu yake sijawahi kuiona. Nikazirudisha chupa zikiwa na joto lilelile, juu ya pweza, nikaenda tarawehe. Asubuhi harufu ikanipokea mlangoni.

Sijamwaga hata moja. Nimezigandisha tena zote, kwa kuwa moja ni yako na siijui ni ipi. Kwa hiyo Zamzam yako ipo Bwejuu, haijatoka. Inamlinda pweza. Sina la kujitetea zaidi ya hilo, na hilo lenyewe naliona si kitu.

Leo baada ya swala ya Ijumaa nimekwenda kwa Bi Time. Nilitaka nimwambie yote. Nimemkuta anaosha mwani, akanambia, "Kaa, fundi, umekonda." Akanipakulia muhogo wa kufuturia, niondoke nao. Samaki wake kweli anamuunguza. Nikashindwa, nikarudi na bakuli. Kesho narudi kwake, kuula muhogo huo bure haifai. Chumba wakininyima, haki yao. Nafasi ya nyuma ya gari ya Silima itakuwa tupu, wewe utakaa mbele. Lakini nimetaka uanze kujua wewe, kwa sababu neno lililovunjika ni lako.

Pweza wameharibika, watavuliwa wengine. Maji nimeyatia chumvi, nayo nimekwambia. Yote hayo ni ujinga, na ujinga unanijua, tumekua pamoja. Kilichoharibika hasa ni kingine.

Siku ile wote walikuwepo bohari, bibi. Wanawake ishirini, kutwa, mashine inanguruma, magunia sita, kila mmoja anajua umeme ulikuwepo na anajua unatoka wapi. Hao mbingu wanaisoma tangu mie sijazaliwa. Nilipotamka wingu, hakuna hata mmoja aliyenikatalia. Bi Time alitazama juu kwa muda mrefu, kisha akanisitiri mbele ya wenziwe wote kwa ajili yako.

Hapakuwa na wingu. Kulikuwa kweupe mpaka baharini.

Mjukuu wako,
Haitham